Aliyebaki Juu

Kama hujawahi kukalia benchi la mbele ya duka la malisho pale Cotter Wells, magharibi ya Texas, kuna mambo mengi ya dunia huyajui, na nusu yake ni uongo mtupu. Ni ubao mmoja mrefu uliolainishwa na makalio ya vizazi vitatu, umetazamana na barabara, mtambo wa pamba na tangi la maji la mji lililosimama juu ya miguu yake minne. Kila siku jua likianza kupoa hukutana pale wanaume wanne: kete za dhumna mezani, birika la kahawa juu ya jiko dirishani, redio ubavuni mwa birika. Jioni ile ya Julai redio ilifunguliwa mpaka mwisho wa sauti yake, maana mtoto wa mmoja wao alikuwa anauzunguka mwezi peke yake. Wenzake wawili walikuwa wameshuka, wanatembea huko chini. Yeye kaachwa juu na chombo, anatazama na kusimulia anachokiona. Na mwezi wenyewe ulikuwa pale pale, nusu, umepauka kama kipande cha sabuni, juu ya paa la mtambo wa pamba, jua likiwa bado halijazama.

Mwenye mtoto ni Alvis Rudd, mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache kiasi kwamba akikuamkia mara mbili kwa siku moja watu hutazama kama mvua inakuja. Mkewe, Opal, alikuwa Houston na mkwe wao, kwenye kituo kinachoongoza safari, wanasikiliza mambo kutoka jikoni kwenyewe. Alvis hakwenda. Alisema shamba lina magugu. Ukweli ni kwamba aliona aibu, na aibu hiyo hakumwambia mtu, hata Opal. Huko Houston angekaa chumba kimoja na baba za wale wawili walioshuka, na kila anayeingia angewapa hao mkono kwanza.

Wengine watatu ni hawa. Mfupi, ambaye ni mrefu kuliko wote wilayani, kazi yake kuchora mabango. Shemasi, mwenye duka na mwenye kahawa, ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani alikuwa anaoa, lakini kila methali anayoikumbuka anamsingizia Mfalme Suleimani. Na Muhula, aliyesoma chuo cha kilimo muhula mmoja, na tangu arudi hajawahi kutamka neno "sijui".

— Houston, — ikasema redio kwa sauti ya Weldon Rudd, polepole, kama mtu anayesema karibu na mtoto aliyelala. — Jua liko chini sana hapa, vivuli ni virefu. Naona vilima vidogo vyeusi, vya mviringo, kila kimoja kina kishimo kileleni. Vimetapakaa bondeni kote. Na udongo unaovizunguka si kijivu. Rangi yake ni kama... kama barabara ya kwa kina Haskew baada ya manyunyu.

— Rudia rangi, — ikasema sauti ya Houston. — Barabara ya nani?

Benchi lote likainuka.

— Kahawia! — akapiga kelele Mfupi kuielekea redio.

— Kahawia ya wapi? Ile barabara ni nyekundu iliyozeeka, — akasema Shemasi.

— Inategemea umeingilia upande gani, — akasema Muhula. — Upande wa kisimani ni nyekundu. Upande wa makaburini ni kahawia. Kisayansi, ni barabara mbili.

— Kahawia, Houston, — akasema Weldon. — Yenye wekundu kidogo. Samahani.

— Umeona? — Mfupi akamgeukia Shemasi. — Mtoto kakuombea samahani mpaka huko.

Kete ya Alvis ilibaki hewani. Barabara ya kwa kina Haskew aliijua. Hakuwahi kujua kwamba ina rangi.

Sasa, jambo lililokuwa mezani siku hiyo, ukiacha kete, lilikuwa lile tangi la maji. Serikali ilipotangaza kwamba Weldon kachaguliwa kwenda mwezini, Mfupi hakungoja habari iishe. Alipanda na ndoo ya rangi akaandika kwa herufi zinazosomeka kutoka njia kuu: HAPA NDIPO KWAO WELDON RUDD, ALIYETEMBEA MWEZINI. Rangi ilikuwa imeshakauka ndipo ikajulikana kwamba watatembea wawili tu, na Weldon atabaki juu. Watu wa Petty, mji jirani, wakawa wanasimamisha magari chini ya tangi wanapiga picha na kucheka. Sasa Weldon alikuwa karibu kurudi, maandamano yameshapangwa, na Mfupi ameahidi kupanda kesho asubuhi kubadilisha lile neno moja, ALIYETEMBEA. Neno gani, ndiyo ilikuwa kesi. Walikubaliana kwamba wa kukata shauri ni Alvis, maana damu ni yake.

— Aliyeuzunguka, — akasema Muhula, akagonga kete. — Ndiyo kazi anayofanya. Liandike hilo tukalale.

— Kuzunguka ni kazi ya mbwa kabla hajalala, — akasema Shemasi.

— Halafu halienei, — akasema Mfupi. — Herufi za mwisho zitaangukia nyuma ya tangi. Mpita njia atadhani mchoraji alilewa.

— Na atakuwa amekosea wapi?

— Usinianze, Shemasi.

— Basi weka aliyeuona, — akasema Shemasi.

— Hata ng'ombe wangu ameuona, — akasema Mfupi. Na ndama wake anautazama sasa hivi bure.

— Aliyeufikia, — akajaribu Muhula.

— Alifika akafanya nini? — akasema Shemasi. Ukifika kwa mtu unabisha hodi, unaingia, unakunywa kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Suleimani. Mtoto wetu hakuinama.

— Suleimani alikuwa na watumishi wa kumwinamia, wee bwana, — akasema Muhula. Yeye mvungu aliusikia tu.

Mfupi alikuwa akiuchezea ukingo wa kofia yake. Akasema kwa upole, bila ubaya wowote:

— Mimi nilifikiri niandike aliyengoja. Si ndivyo, lakini? Wenzake wako chini, yeye anawangoja.

Neno lile lilimwingia Alvis kama mwiba wa mgunga wa porini, ule unaoingia kirahisi ukakatikia ndani. Alimwona mwanawe kama kijana aliyeachiwa makoti ya watu mlangoni wakati ndani dansi limekolea. Aliinamisha macho kwenye kete zake akazihesabu ingawa zilikuwa mbili tu.

— Kungoja si kazi ndogo, — akasema Shemasi, aliyemwona. — Chukua mfano wa watu wanaoiba benki.

— Ooh, tumefika kwenye majambazi, — akasema Muhula.

— Sikiliza kwanza. Wawili wanaingia ndani. Wa tatu anabaki kwenye gari, injini inanguruma. Bosi wao ni nani?

— Waliobeba bunduki.

— Ni dereva! Hao wenye bunduki wanakufa kila siku. Dereva mzuri hapatikani. Weldon ndiye mwenye ufunguo. Akichukia akaondoka, wale wawili watakaa kule wakila mawe.

— Hapo umenena kidogo, — akasema Muhula, — ila umeishia njiani. Mimi nitakwambia kwa nini yuko juu, na msinikatize. Ni haki za chini ya ardhi.

Hata Alvis aliinua kichwa. Katika nchi ile mwenye shamba anaweza kuwa mmoja na mwenye kilicho chini ya shamba akawa mwingine, na ndugu wameacha kuzikana kwa ajili ya jambo hilo.

— Wale wawili waliopewa kutembea, wamepewa juu ya ardhi tu, — akaendelea Muhula. — Wakanyage, wachomeke bendera, wachukue mawe ya kuwekea milango. Weldon anapima chini. Mmesikia vilima vyeusi? Kila kimoja na shimo kileleni? Mimi nimekaa chuo, jamani. Kilima cheusi chenye shimo juu ni nini kama si mafuta yanayotafuta mlango?

— Mafuta ya mwezini! — Mfupi akacheka mpaka benchi likatikisika. — Usitufunge kamba.

— Cheka. Ndiyo maana wanamtuma mtoto wa Cotter Wells, ambaye amekua akinusa mafuta ya jirani. Usipoziba ufa...

— Utajenga ukuta, — akamalizia Shemasi. — Suleimani. Lakini ufa na mafuta wapi na wapi?

— Ufa ndiko yanakotokea, bwana!

Shemasi aliinua mkono kuwanyamazisha, maana sauti ya Weldon ilikuwa imerudi, na imebadilika.

— Houston, jua limezama nyuma yangu. Niko upande wa giza, lakini si giza. Dunia ipo juu, nusu yake, na mwanga wake umeangukia milima. Kila kitu kimekuwa buluu. Unajua kukiwa na theluji shambani na mwezi umetoka? Sasa geuza. Sisi ndio tunaowaangazia wao. Naona mpaka kingo za mashimo madogo. Hakuna kinachotikisika. Nimezima taa zote humu ndani ili nione vizuri zaidi.

Zikasikika kelele ndogo za hewani.

— Dunia inagusa ukingo sasa. Inazama. Tutaongea upande wa pili, Houston.

Halafu redio ikabaki ikikoroma peke yake. Kila aliposhuka nyuma ya mwezi hakuna sauti ya binadamu iliyoweza kumfikia, wala yake kutoka, mpaka azunguke. Pale benchini walishayazoea mapumziko hayo. Shemasi aliyatumia kumimina kahawa. Lakini Alvis hakuyazoea. Kila redio ilipoanza kukoroma alihisi kama mtu amemfungia mlango usoni.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Suleimani, — akasema Shemasi akimimina.

— Funga mdomo, Shemasi, — akasema Alvis. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu saa ya chakula.

Shemasi akafunga, akamwongezea kahawa bila kuulizwa, ambayo kwake ni kuomba radhi.

Mfupi alikuwa ameutazama mwezi kwa muda mrefu, shingo imeinuka, kofia karibu ianguke.

— Mnajua mimi nadhani kuna nini nyuma? — akasema. — Zamani nilidhani hakuna kitu. Kama maduka yetu ya barabara kuu, mbele ukuta mrefu wa mbao umeandikwa Hoteli, nyuma banda. Lakini sasa nadhani kuna njia. Na Warusi nao wamemtuma mtu wao bila kutangaza, mtu mmoja, naye kaachwa juu, na njia yake inakatiza ya Weldon huko nyuma ambako hakuna anayesikiliza.

— Umechanganyikiwa, — akasema Muhula, ila taratibu.

— Wanapishana. Hawajuani majina. Kila mmoja yuko kwenye usukani wake. Weldon ananyanyua kidole kimoja tu, hivi, kama tunavyosalimiana barabarani. Na yule Mrusi, hajui maana yake, lakini naye ananyanyua. Basi. Kila mtu anaendelea na safari yake.

Hakuna aliyecheka. Upepo ulileta harufu ya udongo wa moto na majani ya pamba. Kwa muda mfupi wanaume wote wanne walikuwa nyuma ya mwezi, na kulikuwa baridi kidogo, na pazuri.

— Na wanaongea nini? — akauliza Shemasi.

— Nimekwambia hawaongei. Ndiyo raha yake.

Ndipo gari dogo la kijani likaingia likitoa mvuke puani kama birika. Akateremka mama wa makamo, kichwani kitambaa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka New Mexico, anakwenda kwa dadaye Fort Worth, na gari lilikuwa limechemka kabla hajafika njia panda.

— Samahanini, mabwana. Nina shida ya maji ya rejeta.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, — akasema Shemasi, akisimama, na safari hii ilimtoka sawasawa bila yeye mwenyewe kujua. — Mfupi, mletee mama maji. Mama, kaa kivulini, lipoe kwanza. Ukifungua sasa litakuunguza.

Akampa kahawa. Birika lilitoa nusu kikombe na machicha, na hapo ndipo ikawa mwisho wa kahawa ya siku ile. Mama akashukuru, akanywa hivyo hivyo, akasikiliza mkoromo wa redio.

— Mnasikiliza nini?

— Hatusikilizi, tunangoja, — akasema Muhula, halafu akajutia neno. — Yaani, kijana wetu yuko nyuma ya mwezi.

— Yule wa kwenye tangi? Nimesoma nikija. Aliyetembea.

Mfupi, aliyekuwa anarudi na ndoo, akasimama palepale kama aliyeitwa na polisi.

— Hatembei, mama, — akasema Muhula. — Ni kosa la kiufundi. Wanatembea wenzake wawili. Yeye yuko juu. Anapima, anapiga picha, anaeleza rangi na vilima na mashimo, mambo ya sayansi. Tunatafuta neno la kumfaa, lisimshushe. Maana si jambo dogo, kufika mpaka pale usikanyage. Inauma. Huyu hapa ndiye baba yake.

Mama akamgeukia Alvis. Hakumpa pole wala pongezi. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua bei ya chumvi:

— Na yeye alitaka kushuka?

Muhula akafungua mdomo. Akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke chuo. Shemasi akapekua kichwani kote kwa Suleimani, asipate kitu. Mfupi akaweka ndoo chini, maji yakamwagika kidogo kwenye kiatu chake, asiyaone. Kisha wote watatu wakamtazama Alvis.

Na Alvis hakujua. Alimtafuta mwanawe kwenye kumbukumbu zote. Akamkuta akiwa na miaka tisa juu ya mnara wa pampu ya upepo, anaitwa kula, anaitwa tena, hashuki, mpaka mama yake anatishia fimbo. Akamkuta pia akiwa na kumi na nne, ameachwa nje ya timu ya besiboli, analia nyuma ya ghala akidhani hakuna anayemwona. Yote mawili yalikuwa Weldon. Siku alipopiga simu kusema kwamba yeye ndiye atakayebaki juu, Alvis alisema, "Basi wakati mwingine, mwanangu," akampa Opal simu. Hakuuliza. Mwaka mzima alikuwa amebeba huzuni ya mtu mwingine bila kumuuliza mwenyewe kama anayo.

— Sijui, mama, — akasema. — Sikumuuliza.

Mkoromo wa redio ukakatika.

— Houston, Houston, nimerudi. — Ilikuwa sauti ya mtu aliyepanda ngazi mbio. — Mko macho? Nilikuwa gizani kabisa, bila jua, bila dunia, na nyota zilikuwa nyingi mpaka nikazikosa zile ninazozijua. Mwezi niliutambua kwa sababu ni pale tu nyota zilipokosekana. Halafu kabla jua halijatoka, mwanga ukaanza kupanda kutoka ukingoni, mwembamba, mweupe, kama vumbi la pamba mtambo ukiwaka. Nimeuchora nilivyoweza. Sina hakika na rangi. Naomba mzunguko mmoja zaidi niutazame tena.

— Ratiba inasema ulale, Weldon.

— Najua inavyosema. Naomba mmoja.

Houston ikasema ngoja tuulize.

Kicheko cha Weldon kilisikika kidogo, mbali. Kinaweza kuwa kicheko cha mtu mwenye furaha. Kinaweza pia kuwa cha mtu aliyepata kitu cha kumtosha baada ya kunyimwa kingine. Alvis alikisikiliza kwa mwili mzima, na hakuweza kutofautisha. Baba mzima, na hawezi kutofautisha kicheko cha mwanawe. Hilo lilimuuma kuliko tangi, kuliko Petty, kuliko mikono yote ya Houston.

Akasimama. Akaweka kete zake mezani, uso juu, kila mtu azione, jambo ambalo katika benchi lile mtu hafanyi mchezo ukiwa haujaisha.

— Mama, — akasema, — Fort Worth kuna mabasi ya Houston?

— Yapo mengi.

— Nitakujazia rejeta. Na njiani likichemka tena, nitakujazia tena.

Mama akamtazama, akatazama redio, akafungua mlango wa upande wa pili akatoa mfuko wa matunda ya pichi uliokuwa umekalia kiti.

— Alvis, — akasema Shemasi, — hata nguo huna. Magugu je?

— Yatakuwepo.

— Na tangi! — Rejeta ilikuwa imeshajazwa, Alvis ameketi ndani, na Mfupi alikuwa anatembea pembeni ya gari lililoanza kusogea, hatua zake ndefu, ameinama mpaka dirishani. — Kesho napanda, Alvis. Umeondoka bila kutoa neno. Niandike nini?

— Futa lililopo, — akasema Alvis. — Pabaki peupe.

— Mpaka lini?

— Mpaka nimuulize mwenye nalo.